Kitana cha Moto na Masikio ya Watoto Wetu

Jumapili moja ya Komunyo ya Kwanza, katika parokia moja ya milima ya Masisi, watoto walikuwa wamepangwa mistari miwili mbele ya mlango wa kanisa, wamevaa nguo nyeupe, kila mmoja na mshumaa wake mkononi. Miongoni mwao alikuwamo msichana wa miaka tisa niliyemfundisha katekisimu. Nywele zake zilikuwa zimenyooshwa vizuri sana, zinang'aa kwa mafuta. Lakini sikio lake la kushoto lilikuwa limefunikwa kwa pamba, na kila alipogeuza shingo machozi yalimlengalenga.

Nikamwuliza, "Mwanangu, umepatwa na nini?"

Akanijibu kwa sauti ndogo, "Ni kitana cha moto, Mwalimu. Shangazi alikuwa akinitengeneza jana usiku."

"Na kwa nini hukumwambia kwamba kinakuunguza?"

Akainamisha kichwa. "Nilidhani uzuri lazima uume."

Wasomaji wapendwa, neno lile halijanitoka moyoni mpaka leo. Shangazi yule si mtu mkatili. Alikesha kwa upendo, akataka mtoto wa ndugu yake aende mezani kwa Bwana akiwa nadhifu kuliko siku zote. Kosa lake ni moja tu: hakuna aliyemfundisha kazi ile. Twafundishwa kupika, kufua na kulima. Lakini kushika chuma cha moto karibu na kichwa cha mtoto, kila mtu hujifundisha mwenyewe, na mara nyingi mtoto ndiye alipaye karo. Kwa hiyo leo sitaki kuwagombeza mama zetu na dada zetu. Nataka tufundishane.

Moto wa kwetu

Masisi ni nchi ya milima na malisho, ya maziwa na jibini, na ya ukungu wa asubuhi. Walikale ni nchi ya msitu mkubwa wa mvua, ya michikichi na ya mto Lowa. Hali ya nchi hizi mbili si moja, lakini katika jambo hili zafanana: katika vijiji vilivyo vingi waya za umeme hazijafika. Mwenye kibao cha jua hupata taa na kuchaji simu. Mwenye jenereta huiwasha saa chache za jioni. Wengine wote, moto wao ni kuni na makaa, au makala kama tusemavyo kila siku.

Ndiyo maana pasi ya nywele ya umeme, ile ya mabamba mawili yabanayo nywele, si chombo cha wengi. Taa ndogo ya jua hutosheka na wati 3 au 5. Pasi ya nywele mara nyingi hutaka wati 30 hadi 60, na nyingine hata zaidi. Betri ndogo itachoka upesi, na nyumba ibaki gizani. Basi chombo cha wengi ni kitana cha chuma chenye mpini wa mti, kinacholazwa juu ya makaa katika mbabula, kisha kupitishwa katika nywele.

Tena twajua siku tulizopitia. Mwezi wa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Masisi, na mwezi wa Machi wa mwaka ule ule wakafika Walikale. Familia nyingi zilikimbia na mafurushi vichwani. Hata hivyo, nani kati yetu hakumwona mama aliyeketi mbele ya hema, bintiye kati ya magoti yake, akimtengeneza nywele kwa utulivu? Mtu aliyenyang'anywa shamba na nyumba bado ana kichwa chake, na kukitengeneza ni njia ya kusema, "Mimi ni mtu." Kwa hiyo asidharau mtu jambo la nywele, akilihesabu kuwa la upuuzi. Linagusa heshima, nalo lagusa pia usalama wa watoto.

Moto hufanya nini katika nywele?

Unywele umejengwa kwa kitu kigumu kiitwacho keratini, ambacho pia ndicho cha kucha zetu na cha pembe za ng'ombe. Ndani yake mna nyuzi ndogo mno, zilizoshikamanishwa kwa vifungo vya namna mbili. Vifungo vya kwanza ni vyepesi: maji huvifungua, na moto huvifungua. Nywele zikikauka au zikipoa, vifungo hivyo hujifunga tena katika umbo zilizokutwa nalo. Vifungo vya pili ni vya nguvu. Hivyo hufunguliwa na dawa kali tu.

Kitana cha moto, kikitumiwa vema, hugusa vifungo vile vyepesi. Nywele hunyooka, zikapoa, zikabaki zimenyooka. Lakini zikikutana na maji zinarudi hali yake ya kwanza. Maji hayo si lazima yawe ya kuoga. Ukungu wa Masisi unatosha. Unyevu wa msitu wa Walikale unatosha. Jasho la mama apandaye mlima na mzigo linatosha. Kwa sababu hiyo mwenye kunyoosha Jumamosi huona Jumatatu nywele zimejikunja, akarudia. Jumatano zimejikunja, akarudia tena. Hapo ndipo madhara huingia. Keratini ikichomwa mara nyingi, au ikipita joto la digrii 200 hivi, hulegea na kupasuka. Nywele hukatika zenyewe, nasi twasema, "Nywele zangu hazikui." Zinakua, walakini zinakatika ncha kwa kadiri ile ile zinavyoota shinani.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Nywele zenye maji zikiguswa na chuma cha moto, maji yaliyo ndani ya unywele huchemka ghafula na kuwa mvuke. Mvuke hutafuta njia ya kutoka, na unywele huvimba vipovu kama uji uchemkao. Ile sauti ya "chiii" ambayo wengine huifurahia, wakidhani ni dalili ya kazi njema, kumbe ni kilio cha unywele.

Chombo kilitoka wapi?

Chuma cha moto cha kutengenezea nywele si cha jana. Huko Paris, Ufaransa, kinyozi Marcel Grateau alipata sifa kubwa tangu mwaka 1872 kwa koleo lake la moto, ambalo lilitumika kuwatia mabibi mawimbi ya nywele. Huko Marekani kitana cha moto kilienea sana miongoni mwa watu weusi mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi husema kilibuniwa na Bibi C. J. Walker. Sivyo, yeye hakukibuni, bali alikitumia katika kazi yake na kuifundisha kazi hiyo kwa maelfu ya wanawake. Mama huyu alizaliwa mwaka 1867, wa kwanza katika jamaa yake kuzaliwa huru, maana wazazi wake walikuwa watumwa. Kwanza alifua nguo za watu ili ale, na mpaka alipokufa mwaka 1919 alikuwa tajiri mwenye kiwanda. Jambo la kukumbuka katika maisha yake ni hili: hakuwauzia wanawake chombo na mafuta tu, aliwafundisha. Chombo bila mafundisho ni nusu ya chombo.

Namna ya kufanya kazi hii

Kwanza, fanya kazi mchana, mahali penye nuru na hewa, si usiku kwa mwanga wa simu. Ajali ya sikio huzaliwa gizani. Mbabula uwekwe upande wa mkono wako wa kulia, nyuma kidogo, mbali na miguu ya yule anayeketi. Watoto wadogo wapelekwe kwingine kucheza. Chupa ya petroli au ya mafuta ya taa isiwe karibu kabisa.

Pili, nywele ziwe safi na kavu, kavu hasa, mpaka shinani. Zikioshwa leo asubuhi, bora zingoje hadi jioni au kesho. Zichanwe kwa kitana chenye meno mapana, kuanzia nchani kuelekea shinani, kisha zigawanywe mafungu madogo.

Tatu, mafuta yawe kidogo. Mama wa Walikale ana mafuta ya mbegu za mchikichi. Mama wa Masisi ana samli. Yote mawili hulainisha, lakini mafuta si ngao ya kuzuia moto. Yakizidi, hupata joto la chuma, yakatiririka hadi kwenye ngozi na kuiunguza mahali usipopaona. Mwaka 1968 waganga wa ngozi huko Marekani walieleza ugonjwa wa upara katikati ya kichwa waliouona kwa wanawake waliotumia kitana cha moto, wakahukumu kwamba mafuta ya moto ndiyo yaliyoua mashina ya nywele. Baadaye waganga wengine waliukuta upara huo hata kwa wanawake wasiotumia kitana hicho, kwa hiyo sababu zake si moja. Lakini kuhusu mafuta ya moto kichwani hatuhitaji mganga wa kutuambia. Mpishi yeyote aliyerukiwa na mafuta ya kikaango anajua.

Nne, laza juu ya makaa meno ya kitana tu; mpini ubaki nje. Makaa yawe mekundu yaliyotulia, si yenye ndimi za moto. Ukikitoa kitana, kifute masizi kwa kitambaa, kisha kijaribu juu ya karatasi nyeupe au kitambaa cheupe cha pamba. Karatasi ikigeuka rangi au ikitoa moshi, kitana kimezidi moto. Ngoja kipoe, ujaribu tena. Karatasi ikibaki nyeupe, endelea. Usikiamini kidole chako, wala usikiamini kitana kwa sababu jana kilikwenda vizuri. Kwa mwenye pasi ya umeme yenye namba, nywele laini ziwe chini ya digrii 150, na nywele nzito zisipite 180.

Tano, anza upana wa kidole mbali na ngozi, ukivuta kwa mwendo mmoja, bila kusimama. Pita mara moja, au mbili. Ya tatu ni ya hasara. Ukisikia harufu kama ya manyoya ya kuku yaliyochomwa, acha mara moja. Penye sikio, likunje sikio mbele na ulikinge kwa kitambaa kizito. Hereni zitolewe kabla ya kuanza.

Sita, na hili ni kubwa kuliko yote, mpe anayetengenezwa ruhusa ya kusema. Mwambie kabla ya kuanza, "Ukisikia moto, sema, nami nitaacha." Akisema, acha kweli, usimjibu, "Vumilia, unataka kuwa mzuri au hutaki?"

Mlango uwe wazi

Usiku wa Masisi una baridi, nasi twapenda kuingiza mbabula ndani na kufunga mlango. Makaa yakiwaka pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani amechoka, akalala, asiamke tena. Basi kazi ifanyike uani au barazani, na mbabula usilale ndani pamoja na watu. Jenereta nayo isiwekwe ndani ya nyumba kamwe, maana moshi wake una sumu ile ile. Familia inayokaa chini ya turubai isithubutu kabisa kuwasha makaa ndani, kwa maana turubai hushika moto upesi kuliko mtu awezavyo kukimbia.

Akiungua mtu

Ondoa chuma, kisha mimina maji baridi yaliyo safi juu ya mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20. Pasipo bomba, tumia kopo na ndoo, ukimimina polepole tena na tena. Mtoto afunikwe mwili uliobaki asipate baridi. Baada ya hapo funika kidonda kwa kitambaa safi kisichonata. Usipake dawa ya meno, wala samli, wala yai, wala udongo. Vitu hivyo huhifadhi moto ndani na kuleta uchafu. Usitumbue lengelenge.

Nenda kituo cha afya bila kungoja ikiwa aliyeungua ni mtoto mdogo, au kidonda kiko usoni, sikioni, jichoni au mkononi, au ni kikubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au ngozi imegeuka nyeupe au nyeusi. Uliza pia kama amepata chanjo ya pepopunda. Sikio lisidharauliwe: gegedu lake likipata usaha, laweza kuharibika umbo lisirudi tena.

Je, dawa si nafuu?

Wengine watasema, "Mwalimu, tutauacha moto, tutatumia dawa ya kopo." Dawa nyingi za kunyoosha zina magadi makali yafunguayo vile vifungo vya nguvu, nayo huunguza ngozi ikikaa dakika chache zaidi. Dawa nyingine, zile zipakwazo kisha kupigwa pasi ya moto, hutoa formaldehidi, hewa yenye sumu ichomayo macho na koo. Mwezi wa Oktoba 2022 watafiti wa serikali ya Marekani walitangaza matokeo ya kufuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Walikadiria kwamba kati ya wanawake 1,000 wasiotumia dawa hizo, wapata 16 huugua kansa ya mji wa mimba kabla ya kufika umri wa miaka 70. Kati ya wazitumiao mara kwa mara, wapata 40. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iletayo kansa, lakini mwenye busara akiona moshi huuliza moto uko wapi. Kichwa cha mtoto kisipakwe dawa hizo hata kidogo.

Uzi wa bibi zetu

Sasa turudi kwenye vile vifungo vyepesi. Nilisema hufunguliwa na moto, na hufunguliwa na maji pia. Je, hamkuona jambo hapo? Kama maji yaweza kuvifungua, basi nywele zenye unyevu zikivutwa na kuachwa zikauke zikiwa zimevutwa, vifungo vitajifunga zikiwa zimenyooka. Maji yatafanya kazi ya moto, ila kwa usiku mmoja badala ya nusu saa.

Bibi zetu walilijua hilo pasipo kusoma elimu ya keratini. Waliosha nywele, wakazipaka mafuta kidogo, wakazigawa mafungu, wakalizungushia kila fungu uzi mweusi kutoka shinani hadi nchani. Asubuhi uzi ukifunguliwa, nywele huwa ndefu na laini, hakuna sikio lililoungua, hakuna makaa yaliyonunuliwa. Hazitanyooka kabisa kama za kitana, lakini zitapendeza na zitatii. Sharti ni moja: uzi usikazwe mno, maana nywele zikivutwa siku nyingi hung'oka pembeni mwa paji la uso. Kichwa kikiuma usiku, uzi umezidi. Ulegeze.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kwa mtoto, uzi au kusuka. Moto hapana, mpaka awe na umri wa kukaa kimya na wa kusema. Kwa msichana mkubwa na kwa mama, kitana cha moto kikitakiwa, kiwe cha sikukuu: Noeli, Pasaka, arusi, kisha nywele zifunikwe kwa kitambaa zisinywe ukungu, wala moto usirudiwe kila siku tatu.

Kinyozi mtakatifu

Kanisa lina mtakatifu wa vinyozi na wa watengeneza nywele: Martini wa Porres, mtoto wa mama mweusi aliyekuwa ameachwa huru kutoka utumwani. Alizaliwa Lima, nchi ya Peru, mwaka 1579, na Papa Yohane wa XXIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1962. Twaadhimisha sikukuu yake tarehe 3 Novemba. Alipokuwa kijana alijifunza kazi ya kinyozi, na siku zile kinyozi alikuwa pia mganga: mkono ule ule ulikata nywele na ulifunga vidonda. Aliwahudumia maskini kwa upole. Mikono yake ilishika vichwa vya watu ili kuwaondolea maumivu, si kuwaongezea.

Akina mama na dada wapendwa, Jumamosi ijayo mtakapoketi uani na binti kati ya magoti yenu, ikumbukeni mikono ile. Mwenyezi Mungu, ambaye anajua hata hesabu ya nywele zetu, hakuziumba zilizojikunja kwa bahati mbaya. Tukizinyoosha kwa siku ya furaha, si dhambi. Lakini tusimfundishe mtoto kwamba kuumia ndiyo bei ya kupendeza, maana kesho atavumilia mengine mabaya zaidi akidhani ni lazima.

Yule msichana wangu alipona. Kovu dogo limebaki juu ya sikio. Mwaka uliofuata, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, nilimwona tena kanisani, nywele zimefunguliwa kutoka kwenye uzi, zimesimama laini kama majani ya mtama machanga. Shangazi yake alikuwa pembeni. Akaniamkia, akasema, "Safari hii, Mwalimu, alilala usingizi nikimtengeneza."

Mtoto aliyelala usingizi mikononi mwa mtengenezaji: hiyo ndiyo alama ya kazi iliyofanywa vema.